Sahihi ya posho iligeuzwa kuwa ridhaa: wanaofanya kazi ya tabianchi na wafugaji na Wahadzabe, tuanzie wapi?

Mkalimani (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kwa miaka tisa nimekuwa mkalimani wa vikao vya vijiji, Kiswahili kwenda Kimaasai na kurudi, mikoa ya Manyara na Arusha. Nikiitwa na shirika naenda, nikiitwa na kampuni au halmashauri naenda. Kuna jambo limenikaa moyoni tangu mwaka juzi. Nalileta humu kwa sababu najua kuna watu wa ardhi, wa mifugo, wa mazingira, na vijana wengi wanaotafuta kazi kwenye miradi ya tabianchi.

Kikao kilifanyika chini ya mgunga. Wageni walikuja na gari mbili kuzungumza habari ya kaboni ya udongo. Maelezo yao ni haya: mifugo ikichungwa kwa mpango, nyasi zinapata nafasi ya kuota, mizizi inashuka, hewa ukaa inahifadhiwa udongoni, na kila tani inayohifadhiwa inauzwa kwa kampuni za Ulaya zinazotaka kufidia moshi wao. Kijiji kinapata mgao. Mkataba ni wa miaka 40.

Kimaasai hakina neno la kaboni. Nikasema "hewa chafu inayoingia ardhini kupitia majani." Mzee mmoja, laigwanani (kiongozi wa kimila), akauliza: mnanunua nyasi zetu? Nikatafsiri, wakajibu hapana. Mnanunua ardhi? Hapana. Mnanunua nini basi? Mtaalamu akajibu kwa dakika kumi nzima. Nilitafsiri kila alichosema na mimi mwenyewe sikukielewa. Wazee walitikisa vichwa kwa heshima, kama mgeni anavyostahili. Nilipaswa kusimama pale na kusema sijaelewa, sikusema, na hilo ndilo linaloniuma.

Jioni ikapita karatasi ya mahudhurio. Kila mtu akaandika jina na kuweka sahihi, wasiojua kuandika wakaweka dole gumba, wakapewa posho shilingi elfu kumi, watu wakatawanyika.

Baada ya miezi kadhaa kijiji kikaniomba niwasomee makaratasi ya mradi, yaliyokuwa yote kwa Kiingereza. Nilipofika kwenye viambatisho nikakuta karatasi ile ile, na juu yake kichwa cha habari kinachosema wanakijiji wameridhia. Nilimtambua kila mwenye dole pale. Muhtasari wa Mkutano Mkuu wa Kijiji haukuwepo, maana mkutano huo haukuwahi kuitishwa. Walioridhia mradi wa miaka 40 ni watu waliopokea posho.

Azimio la Umoja wa Mataifa la Haki za Watu wa Asili la mwaka 2007 linasema ridhaa iwe huru, itolewe kabla ya jambo kuanza, na watu wawe wamepewa taarifa zote. Tanzania ililipigia kura ya ndiyo, Kenya ilijizuia kupiga kura. Mkataba wa Paris wa 2015 nao, ibara ya 7, unataka shughuli za kuhimili mabadiliko ziongozwe na sayansi bora pamoja na maarifa ya jadi na ya watu wa asili. Hayo yapo. Lakini pale chini ya mgunga kulikuwa na kalamu moja, kidau cha wino na bahasha ya posho.

Mimi si mpinzani wa kaboni. Nimeona palipofanyika vizuri. Bonde la Yaeda, Mbulu, Wahadzabe walianza na ardhi. Mwaka 2011, kwa msaada wa shirika la Ujamaa Community Resource Team, walipata hati ya hakimiliki ya kimila ya pamoja chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, zaidi ya hekta 20,000 kwa jina la jamii yote. Watu wanaokula matunda ya mibuyu, mizizi, asali na nyama ya porini wakawa na karatasi inayosema msitu huu ni wao. Biashara ya kaboni na kampuni ya Carbon Tanzania ikasimama juu ya hati hiyo. Mkulima akija na jembe kufyeka anaonyeshwa mpaka, na msitu uliobaki bila kufyekwa ndio unaohesabiwa na kuuzwa. Edward Loure, Mmaasai wa Simanjiro aliyesukuma hati hizi za pamoja, alipewa Tuzo ya Goldman ya watetezi wa mazingira mwaka 2016, wakati huo zaidi ya ekari 200,000 za kaskazini zikiwa zimepata ulinzi wa namna hiyo.

Naomba mnisaidie kufikiri. Kijana anayetoka chuo leo akaajiriwa kwenda kufanya kazi ya tabianchi na jamii hizi, siku ya kwanza afanye nini? Mimi nasema ashike habari ya mipaka na hati kwanza, na asifungue mdomo kuhusu kaboni mpaka hilo liishe. Nisahihisheni.

---

Mwalimu wa Mbulu

Mkalimani, asante kwa kuandika bila kujificha.

Nimefundisha karibu na Yaeda Chini miaka sita. Nathibitisha habari ya hati, ila niongeze kitu ambacho wageni hawakioni. Pesa ya kaboni ililipa ada za watoto na matibabu, ni kweli, lakini kilichobadilisha maisha ni askari wa kijiji. Vijana wa Kihadzabe wanaolipwa kuzunguka mipakani wanajua kila njia ya mnyama, wanaona shamba jipya likianza kabla halijafika ekari moja. Zamani ulikuwa ukikuta mahindi tayari yamebeba, sasa unamtoaje mtu?

Usisahau pia majirani. Bonde lile lina Wadatoga na mifugo yao, Wairaqw na mashamba yao, na upande wa Eyasi vitunguu vya Mang'ola vinavuta maji na watu kila mwaka. Mipaka ilichukua muda kwa sababu ilibidi wote wakae. Mradi unaozungumza na Wahadzabe peke yao ungezaa ugomvi.

---

Mzawa

Samahani wakuu, nina swali na naliuliza kwa nia njema. Kwa nini tuwaite wengine watu wa asili? Mimi ni Mgogo, babu zangu walizaliwa Dodoma, wakafa Dodoma. Sisi si wa asili? Nahofia neno hili linaletwa na wafadhili, halafu linatugawa.

---

Wakili wa Ardhi

Mzawa, swali lako ni halali, na ndio msimamo wa serikali nyingi Afrika: sote ni wa asili. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ililijadili miaka ya 2000 mwanzoni, ikasema haliulizwi nani alifika kwanza. Linaulizwa hivi: nani maisha yake yamefungamana na ardhi fulani kwa namna ya pekee, na nani ameachwa nje ya mipango ya nchi kwa sababu ya namna hiyo ya kuishi? Mwindaji na mfugaji anayehama walihesabiwa kuwa hawatumii ardhi, ndiyo maana ardhi yao ilichukuliwa kirahisi. Mgogo analima, shamba lake linaonekana. Mhadzabe akipita msituni haachi alama, na afisa anaandika "eneo tupu".

Mfano wenye uzito zaidi kwangu ni Waogiek, wawindaji na warina asali wa Msitu wa Mau, Kenya. Tarehe 26 Mei 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, hapa hapa Arusha, iliamua kwamba Kenya ilivunja haki zao kwa kuwafukuza, na ikakataa hoja kwamba wao ndio walioharibu msitu. Tarehe 23 Juni 2022 ikaamuru fidia ya shilingi za Kenya milioni 157.85, na ardhi yao ipimwe na kupewa hati. Septemba 2023 Nairobi ikawa mwenyeji wa Mkutano wa Tabianchi wa Afrika. Novemba mwaka huo huo nyumba za Waogiek zikabomolewa Sasimwani, Narok, kwa jina la kuokoa msitu. Waliotunza nyuki kwenye msitu ule vizazi na vizazi ndio waliolala nje kwenye mvua.

Kwa hiyo, ndugu, mimi nakubaliana na Mkalimani kuhusu hati, ila nasema hati na hukumu hazijitekelezi. Anayefanya kazi na jamii hizi awe tayari kukaa miaka baada ya ushindi, kwa sababu hapo ndipo wafadhili huondoka.

---

Mtu wa Isiolo

Salamu kutoka Kenya. Nimesoma hadithi ya karatasi ya mahudhurio nikaona kama ni kwetu.

Huku kaskazini kuna mradi mkubwa wa kaboni ya udongo chini ya Northern Rangelands Trust, shirika la uhifadhi, karibu hekta milioni 1.9, na waliowahi kununua ni pamoja na Netflix na Meta. Machi 2023 shirika la Survival International lilitoa ripoti kali kuuhusu. Kabla ya hapo wakazi 165 walikuwa tayari wameenda kortini. Januari 2025 korti ya mazingira na ardhi hapa Isiolo ikaamua kwamba hifadhi mbili za jamii, Biliqo Bulesa na Cherab, zilianzishwa kinyume cha Katiba, bila wananchi kushirikishwa inavyotakiwa. Biliqo Bulesa peke yake ilikuwa inachangia takriban moja ya tano ya kaboni iliyouzwa. Angalieni basi: tani zilishauzwa, na msingi wa ardhi ukaanguka mahakamani.

Lakini kinachonigusa ni hoja iliyo chini ya mradi wenyewe. Ili uuze kaboni ya malisho lazima useme kabla yako mambo yalikuwa mabaya, kwamba ng'ombe walichungwa ovyo, wewe ukaleta mpango. Sisi Waborana tuna mpango tangu kale. Unaitwa dedha. Wazee wa dedha wanasema eneo hili ni la mvua, hili la kiangazi, hili la ukame mkali haliguswi hadi waseme wao. Kisima kina mwenye zamu yake, mgeni anaomba ruhusa na hanyimwi maji. Yaani ule utaratibu mtu anakuja kuutia jina jipya na kuuza, na kwenye karatasi yake sisi ndio waharibifu.

Nataka pia kusema lililofanyika vizuri. Hapa Isiolo hazina ya tabianchi ya kaunti ilianza kwa majaribio zaidi ya miaka kumi iliyopita, na kamati za wadi zikachaguliwa na wananchi wenyewe kupanga matumizi. Watu wengi hawakuomba vitu vipya. Waliomba visima na mabwawa yakarabatiwe kule kule wazee walikoelekeza, na kikao cha wazee wa dedha kiwezeshwe kuketi. Pesa ndogo, lakini aliyeamua ni mwenye ng'ombe. Nasikia Tanzania mlijaribu namna hiyo pia Longido, Monduli na Ngorongoro.

---

Mama wa Longido

Ndiyo, tulijaribu. Nilikuwa kwenye kamati.

Naandika polepole, mtanisamehe, mwanangu ndiye mwenye simu. Ukame wa mwishoni mwa 2021 kuingia 2022 tulipoteza ng'ombe wengi sana, harufu ilifika bomani. Waliopona ni ndama na mbuzi waliokuwa wanalishwa alalili, yale malisho tunayoyafunga karibu na boma kwa ajili ya ndama na wanyama dhaifu. Alalili yangu ilikuwa ndogo kwa sababu sehemu ilishakatwa ikawa shamba la mtu.

Mkalimani, umeandika wazee walitikisa vichwa. Wanawake walikuwa wapi? Nitakuambia, walikuwa nyuma, kwenye jua, na watoto mgongoni. Mimi ndiye ninayejua kisima kinakauka mwezi gani, maana ndimi ninayekwenda na punda. Ndimi ninayejua nyasi gani inarudi baada ya mvua moja. Lakini anayeulizwa ni mwanaume aliyevaa shuka jipya. Siku hizi kuna hati za kimila zenye majina ya wanawake, nami ninayo. Tangu niipate, nikinyoosha mkono kwenye mkutano naitwa.

Kwa hiyo kijana unayetoka chuo, siku ya kwanza nenda kachote maji na akina mama. Utajua yote kabla ya saa nne asubuhi.

---

Kijana wa Miradi

Mama, shikamoo. Nimekusoma.

Mimi ni yule kijana anayesemwa humu. Nina miaka mitatu kwenye kazi hizi, na nataka mjue tunabanwa wapi. Mradi una miezi 18. Miezi minne inaliwa na ofisi. Ripoti ya kwanza inadai "idadi ya wanajamii walioshirikishwa", na kinachothibitisha ni hiyo karatasi ya mahudhurio. Hakuna sehemu kwenye fomu ya kuandika kwamba kijiji kimekataa. Ukiandika wamekataa, inasomeka umeshindwa kazi. Nimewahi kumwambia bosi wangu kijiji kinataka muda, akaniambia tafuta kijiji kingine.

Na pesa haifiki. Kule Glasgow, kwenye mkutano wa tabianchi wa Umoja wa Mataifa wa 2021, wafadhili waliahidi dola bilioni 1.7 kwa ajili ya ardhi na misitu ya watu wa asili na jamii za wenyeji. Ripoti yao wenyewe ya mwaka wa kwanza ilionyesha asilimia 7 tu ndiyo iliyokwenda moja kwa moja kwenye vyama vya watu hao. Nyingine ilipitia kwa sisi wa katikati. Najua mshahara wangu umo humo.

---

Wakili wa Ardhi

Kijana, hilo la fomu ni kubwa kuliko unavyofikiri. Haki ya kukubali ambayo haina nafasi ya kukataa si haki. Nakushauri, andika kukataa kwao kwenye muhtasari wa Mkutano Mkuu, upigwe mhuri wa kijiji, kisha uambatishe. Muhtasari wenye mhuri ni waraka. Hata bosi wako akiuchukia, upo.

Kwa wa Kenya: sheria yenu ya tabianchi ilirekebishwa 2023, na mradi wa kaboni unaotumia ardhi ya jamii lazima uwe na makubaliano ya maendeleo na jamii, na mgao wa kila mwaka usiopungua asilimia 40 ya mapato. Tanzania tuna kanuni za biashara ya kaboni za 2022, zikarekebishwa 2023, na kituo cha kitaifa cha kufuatilia kaboni kipo SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Kongo nao Julai 2022 walipata sheria ya kulinda haki za Wambilikimo kama watu wa asili, wakiwemo wa Ituri na Kivu wanaoongea Kiswahili kila siku. Wanaofanya kazi huko waisome, wengi hawajui kama ipo.

---

Mzawa

Nimesoma yote. Sijashawishika kuhusu neno lenyewe, lakini kuhusu "eneo tupu" nimekuelewa wakili, na limenigusa.

Niongeze la kwangu. Bibi yangu alikuwa akitazama Kilimia, lile kundi la nyota, kabla ya kupanda. Na watu wa pwani wana usemi wao: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Je, maarifa haya bado yanafaa wakati mvua zenyewe zimevurugika?

---

Mtu wa Isiolo

Mzawa, wazee wetu wanasoma nyota na matumbo ya mbuzi, na wao wenyewe wanakiri dalili nyingine siku hizi zinadanganya. Lakini hawaachi, wanalinganisha. Vihiga, magharibi mwa Kenya, ukoo wa Nganyi unaojulikana kwa utabiri wa mvua ulikaa na wataalamu wa idara ya hali ya hewa. Wazee wakasoma miti yao na wadudu wao, wataalamu wakaleta ramani zao, kisha wakatoa utabiri mmoja wa msimu kwa lugha ya pale. Mkulima akausikiliza kwa sababu mzee anayemwamini alikuwa mezani. Hiyo ndiyo kazi ninayoiheshimu: mtaalamu alikwenda na kitu chake, akakuta watu wana chao.

---

Mkalimani (mwanzisha uzi)

Mama, shikamoo. Umenishika pabaya. Ni kweli, sikumtafsiria mwanamke hata mmoja siku ile, kwa sababu hakuna aliyepewa nafasi ya kusema, na mimi sikuuliza kwa nini.

Niwaambie ninachofanya sasa. Sikubali kutafsiri kikao kinachotaka sahihi siku hiyo hiyo. Nadai vikao viwili na angalau mwezi mmoja katikati, ili watu walale na jambo, wabishane usiku bila wageni. Karatasi ya posho naandika juu yake mwenyewe, kwa kalamu ya wino, "MAHUDHURIO TU, SI RIDHAA", kabla mtu yeyote hajasaini. Mkataba unasomwa wote kwa Kimaasai na tunarekodi kwenye simu ya mwenyekiti, kipande kwa kipande, hasa pale pa muda wa mkataba na pale pa nini kitatokea kijiji kikitaka kujitoa. Kampuni mbili zilikataa masharti haya, hazikuniita tena. Moja ilikubali, na kikao cha pili kikawa na watu wengi kuliko cha kwanza, bila posho.

Kijiji kile cha mwanzo kilipeleka barua wilayani kikitaka mchakato urudiwe. Mpaka leo hawajajibiwa. Mwenyekiti anaendelea kufuatilia, nami huwa namsindikiza.

Wiki ijayo Alhamisi nimeitwa kijiji kingine, ni kaboni ya udongo tena. Nimewaambia wanawake wakae mbele. Bado sina neno. Mwenye namna ya kumwelewesha mzee asiyesoma kwamba kuna kitu ndani ya udongo kinachouzwa na udongo wenyewe unabaki, aniandikie hapa.

---

Mama wa Longido

Marahaba mwanangu. Usitafute neno. Chukua jembe, ng'oa nyasi moja ya ndani ya alalili na nyingine ya njiani wanapopita ng'ombe kila siku. Ziweke mbele yao na mizizi yake na udongo ulioshika. Moja ina mizizi mirefu na udongo mweusi, nyingine haina kitu. Waambie wageni wanalipia ule weusi ubaki ulipo miaka 40. Halafu nyamaza, waache wazee na akina mama waulizane nani atakuwa na alalili miaka hiyo yote.

---

Mkalimani (mwanzisha uzi)

Asante sana mama. Alhamisi naenda na jembe. Nitarudi kuwaambia walichoulizana.